JE, SAUTI ILIYOPITA NDANI YA MASHINE INGALI SAUTI YETU?



Kwa muda sasa kwaya za upande huu wa ziwa, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, na kuteremka hadi Makobola na Baraka, zinarekodi nyimbo zao kwa ordinatere. Zamani tuliweka magnetofoni moja katikati ya kanisa, kwaya ikaimba, kaseti ikazunguka, na jogoo wa jirani akiwika, naye aliingia ndani ya kaseti. Leo kijana mmoja mwenye ordinatere, mikro na jenereta ndogo anaweza kutoa wimbo wenye sauti safi, nao ukapita katika simu za watu hadi Bujumbura, Bukavu na Kinshasa siku ile ile. Tunamshukuru Mungu kwa jambo hilo.

Lakini pamoja na furaha hiyo limekuja swali, nalo limeletwa mbele yetu sisi mashemasi mara nyingi, hata hatuwezi tena kulijibu mlangoni kwa maneno mawili. Kwaya moja yenye waimbaji 30 ilikwenda kurekodi. Fundi akawasikiliza kidogo, akahesabu saa na mafuta ya jenereta, akasema, "Nipeni watatu wanaoimba vizuri. Wengine nitawatengeneza humu ndani." Watatu wakaingia. Wakaimba wimbo mara kadhaa, mashine ikazidisha sauti zao, ikazinyoosha, ikazipa mwangwi wa kanisa kubwa. Wimbo ulipotoka uliandikwa jina la kwaya nzima. Wale wengine 27 walikuwa wamekaa nje kwenye benchi, wengi wao wakiwa ni akina mama wa sauti ya pili.

Wako wanaosema: hiyo ni hekima, wimbo umetoka mzuri, Mungu ametukuzwa, gharama imepungua. Wako wanaosema: huo ni uongo mtupu, hata ordinatere yenyewe ifukuzwe kanisani. Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zimeharakisha. Mtu hawezi kuhukumu chombo asichokijua, tena hawezi kukisifu kwa sababu tu kimempa kitu kizuri. Basi tulichunguze jambo hili hatua kwa hatua.

KWANZA TUKIJUE CHOMBO

Sauti ya mtu ikiingia katika mikro inageuzwa kuwa umeme, na ordinatere inaugeuza umeme huo kuwa hesabu. Kwa kipimo cha diski za CD, kila sekunde moja ya wimbo hupimwa mara 44,100. Wimbo wa dakika tano ni vipimo zaidi ya milioni 13 kwa mkondo mmoja wa sauti. Kwa kuwa sauti imekwisha kuwa hesabu, inaweza kubadilishwa kwa hesabu: kuongezwa, kupunguzwa, kurudiwa, kuvutwa juu au chini.

Kazi hiyo hufanywa na programu ndogo ndogo ziitwazo plagini. Kila moja ina kazi yake. Ikolaiza hupunguza sauti nzito na kuongeza ile kali, kama vile vitufe tunavyoviona kwenye redio kubwa. Kompresa hushusha pale mwimbaji alipopiga kelele ili pale aliponong'ona pasikike pia. Nyingine huleta mwangwi, nyingine hurudia sauti mara mbili au tatu, nyingine humnyoosha mwimbaji aliyepotoka katika sauti yake.

Plagini haiwezi kusimama peke yake. Inahitaji programu nyingine ya kuipokea na kuipa kazi. Sisi tutaiita hiyo programu-mwenyeji, na plagini tutaziita wageni wake. Mwenyeji hupokea sauti kwa mafungu madogo, kwa mfano vipimo 512 kwa mara moja, ambayo ni kama sehemu 12 za sekunde iliyogawanywa mara elfu. Humpa fungu hilo mgeni wa kwanza. Yule akimaliza, mwenyeji humpa wa pili, halafu wa tatu, mpaka sauti itoke kwenye spika. Huo ndio mnyororo. Na mpangilio wake una maana kubwa. Kompresa ikitangulia na mwangwi ukafuata, maneno yanasikika. Mwangwi ukitangulia na kompresa ikafuata, mkia wa mwangwi huinuliwa juu na maneno huzama. Wageni ni wale wale, lakini mpangilio umegeuza wimbo.

Tena kila mgeni ana kitufe cha kumzima. Ukikibonyeza, yeye anabaki mahali pake katika mnyororo, lakini sauti inapita bila kuguswa. Tukikumbuke kitufe hiki, kwa maana tutakirudia.

Mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 1957 Wajerumani walitoa chombo kiitwacho EMT 140: bamba la chuma lililoning'inizwa ndani ya sanduku, uzito wake zaidi ya kilo 250, kazi yake ni kuipa sauti mwangwi wa chumba kikubwa. Ni studio tajiri tu zilizoweza kukinunua. Mwaka 1996 kampuni ya Steinberg ya mjini Hamburg ilitoa utaratibu uitwao VST ndani ya programu yake ya Cubase, ili kazi ya masanduku kama hayo ifanywe ndani ya ordinatere, na hata programu zilizoandikwa na watu wengine ziweze kukaribishwa humo. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, vita viliingia Uvira, na sisi tulikuwa na habari nyingine za kusikiliza. Mwaka 1997 Mmarekani Andy Hildebrand, ambaye kwanza alikuwa akisoma mawimbi ya sauti yanayopita chini ya ardhi ili kutafuta mafuta, alitoa Auto-Tune, programu inayoivuta sauti iliyopotoka na kuiweka mahali pake. Mwaka 1998 mwimbaji Cher aliitumia katika wimbo wake "Believe", na dunia nzima ikaisikia.

Leo bamba lile la kilo 250 limekuwa plagini moja ndogo ndani ya ordinatere ya kijana wetu wa Mulongwe.

CHOMBO SI DHAMBI

Mnamo mwaka 1994 Armand Diangienda, mjukuu wa Papa Simon Kimbangu, rubani aliyekuwa amepoteza kazi yake, alianzisha Orkestra Simfoniki ya Kimbangu pale Kinshasa. Violini zilikuwa chache, wapigaji wakazitumia kwa zamu. Uzi ulipokatika na dukani hakuna mwingine, walifunga waya wa breki ya baiskeli. Je, kuna aliyesema kwamba muziki ule ulikuwa uongo kwa sababu ya waya wa baiskeli? Hapana. Mkono uliovuta upinde ulikuwapo, sikio lililotafuta sauti lilikuwapo, jasho lilikuwapo. Waya ulisaidia tu ili kazi yao isikike.

Na mwangwi je? Jengo lenyewe ni chombo cha sauti. Wimbo unaoimbwa katika hekalu kubwa la Nkamba hausikiki sawasawa na wimbo huo huo unapoimbwa katika kanisa letu la matofali na mabati. Hekalu linazidisha sauti, mabati yanaifanya ikwaruze, na mvua ikinyesha hatusikii lolote. Hatusemi kwamba mwashi aliyeinua paa juu alidanganya. Basi fundi akiongeza mwangwi kidogo ili kwaya iliyoimba katika chumba kilichojaa magodoro isisikike kama watu waliofungwa ndani ya kabati, amefanya kazi ya mwashi yule.

Kwa hiyo hatuwezi kusema ordinatere ifukuzwe. Anayesema hivyo, afukuze na mikro, kwa maana nayo inabadilisha sauti, na afukuze na spika.

UONGO UNAANZIA WAPI?

Tusome tena Mwanzo sura ya 27. Isaka ni mzee, macho yake hayaoni. Yakobo anakuja amevaa nguo za kaka yake, na ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni. Isaka anasikia sauti, naye anaitambua kuwa ni ya Yakobo. Sauti peke yake ndiyo iliyosema kweli siku ile. Ngozi, nguo na harufu vilidanganya, lakini sauti haikuweza. Mzee aliacha ushahidi wa sikio akafuata ushahidi wa mkono, na baraka ikaenda kwa hila.

Ndugu zetu, tangu zamani zile mwanadamu aliweza kufunika mikono, uso na hata barua zake, lakini sauti ilibaki kuwa alama ya mtu mwenyewe. Mama anapoita mtoto gizani, mtoto anajua. Siku hizi za mwisho ngozi za mbuzi zinaweza kuvalishwa hata sauti. Ndiyo maana jambo hili si dogo, wala si la vijana na mafundi peke yao.

Tusome tena Matendo sura ya 5. Anania na Safira waliuza kiwanja, wakazuia sehemu ya bei, wakaleta iliyobaki. Petro alimwambia Anania wazi kwamba kiwanja kilikuwa chake, na fedha zilikuwa katika uwezo wake. Kosa halikuwa kuleta kidogo. Kosa lilikuwa kuleta kidogo huku wakisema ndicho chote. Hapa ndipo tunapopata kipimo chetu. Dhambi haimo katika kitu chenyewe bali katika ushahidi unaotolewa juu yake.

Kila anayenunua ndagala sokoni kwetu anajua tofauti hii. Mwenye kuosha ndagala na kuondoa takataka amefanya vema. Mwenye kuchagua wale wazuri na kuwaweka juu, mnunuzi anamwelewa, lakini anapekua chini. Mwenye kutia mchanga ili kipimo kijae ameiba. Watatu hao wote wamegusa ndagala kabla ya kuuza, lakini hawakufanya kazi moja.

Vivyo hivyo katika mnyororo wa fundi tunaona kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni kusafisha. Kuondoa mngurumo wa jenereta, kupunguza ukali wa mikro, kusawazisha aliye mbali na aliye karibu, kutia mwangwi kidogo. Hii inasaidia sauti iliyokuwapo isikike. Tunaibariki bila shaka yoyote.

Kazi ya pili ni kusahihisha. Mwimbaji amekosa mahali pamoja, fundi anapanyoosha. Hapa panahitaji busara. Wote tunakubali kwamba kwaya iimbe mara tatu na kuchagua ile bora. Kunyoosha kosa moja ambalo mwimbaji mwenyewe angelinyoosha kama umeme usingekatika hakuko mbali na hapo. Lakini kumnyoosha mtu katika kila neno, tangu mwanzo hadi mwisho, ni kutangaza kipawa ambacho hakupewa. Siku moja ataalikwa Bukavu kuimba mbele ya watu, na aibu yake itakuwa mbele ya wote. Ni nani atakuwa amemwonea? Ni sisi tuliomsifu kwa kisicho chake.

Tena tuwe waangalifu na neno "kosa". Programu hizi kwa kawaida hujua ngazi yenye vidato 12 kama vile vya piano. Sauti inayoteleza katikati ya vidato viwili huiona imepotea njia, nayo huivuta. Lakini mama anayeimba maombolezo huteleza kwa makusudi, kwa kuwa huzuni yake haikai juu ya kidato. Mashine husikia kosa pale ambapo sisi tunasikia kilio. Fundi akiiacha itawale, itatoa wimbo ulio sahihi uliokufa.

Kazi ya tatu ni kutengeneza kisichokuwapo. Watu watatu wanakuwa thelathini. Sauti ya kiume inapatikana bila mwanamume. Na sasa kuna programu zinazoweza kuiga sauti ya mtu bila yeye kufungua kinywa. Hapa mgeni ameacha kumsaidia mwenye nyumba, amechukua kitanda chake. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu amekuja, na mwenyeji ametolewa nje.

Wengine watatuuliza: mbona wanamuziki wa dunia hutumia hayo yote wazi wazi? Ni kweli, na neno lenyewe ni "wazi". Aliyesikia wimbo wa Cher alijua kwamba ile ni sauti ya mashine, na alitakiwa ajue. Hakuna aliyedanganywa. Lakini kwaya inapoandika jina lake juu ya wimbo wa sifa, inashuhudia mbele ya kanisa: sisi watu hawa tulisimama pamoja, tukamwimbia Bwana. Ushuhuda huo ama ni kweli ama si kweli.

WALE 27 WALIOKAA NJE

Mpaka hapa tumemfikiria msikilizaji, kama amedanganywa au la. Lakini tuwatazame pia wale waliokaa kwenye benchi.

Mama mmoja kati yao, mjane, mwimbaji wa miaka mingi, alimwuliza fundi kwa upole, "Mwanangu, nikishakufa, wajukuu wangu wakisikia wimbo huu, watanitafuta wapi ndani yake?" Kijana akajibu, "Mama, samahani, hakuna atakayejua tofauti." Hakusema kwa ubaya. Lakini ndugu, jibu hilo ni zito kuliko alivyodhani. Kama hakuna atakayejua tofauti kati ya kuwapo kwa mama huyu na kutokuwapo kwake, basi tumemwambia kwamba miaka yake yote ya kuja mazoezini kwa miguu haikuwa na uzito wa punje moja.

Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 25, kinaeleza jinsi Daudi alivyopanga waimbaji wa nyumba ya Bwana. Walikuwa 288, wote wamefundishwa. Lakini zamu zao hazikugawanywa kwa uzuri wa koo. Walipiga kura, mdogo sawa na mkubwa, mwalimu sawa na mwanafunzi. Daudi alikuwa mwanamuziki mwenyewe, alijua vema nani anaimba vizuri na nani anafuata tu. Hata hivyo hakusema, nileteeni watatu.

Kwa nini? Kwa sababu kwaya ya kanisa haikuwekwa ili itoe sauti nzuri tu. Imewekwa ili watu wamsifu Mungu, na sauti nzuri ni tunda la kazi hiyo. Tukishika tunda na kuukata mti, mwaka ujao tutakula nini? Kijana asiyeimba vizuri leo atajifunza wapi, kama kila mara tunamwacha nje na kumtengeneza kwa mashine?

Hatuko wagumu kwa fundi. Mafuta yana bei, umeme unakatika, na mikro moja haiwezi kuwatosha watu 30 ndani ya chumba kidogo. Lakini njia ipo, na mafundi wenye subira wanaijua. Kwaya yote iimbe kanisani jioni moja, mikro ikiwa mbali kidogo mbele yao, mara mbili au tatu. Ordinatere ndogo ikiwa na betri iliyojaa haihitaji jenereta kwa saa hiyo. Halafu wale watatu wenye sauti za kuongoza waingie studio na kuimba juu ya ile ya wote. Fundi atazichanganya. Sauti za watatu zitasikika wazi mbele, na nyuma yao watakuwapo watu 27 wa kweli, pamoja na yule mama. Wajukuu wake wataweza kumtafuta, na yumo.

WIMBO ULIOPOKELEWA

Sisi tulio wa kanisa hili tuna sababu nyingine ya kuwa waangalifu kuliko wengine. Nyimbo zetu hatuzihesabu kuwa zimetungwa kwa akili. Tangu kazi ya Papa Simon Kimbangu ilipoanza Nkamba tarehe 6 Aprili 1921, kanisa limeishi kwa nyimbo zilizopokelewa, katika ndoto, katika maono, katika sala. Anayepokea wimbo hauimbi tu kesho yake. Huuleta, unaandikwa, unapimwa, ndipo kwaya zinafundishwa. Swali la kwanza la kuupima ni: umetoka wapi?

Basi, kama tunauliza swali hilo juu ya maneno ya wimbo, kwa nini tusiulize juu ya sauti yake? Mtumishi wa Mungu alikaa gerezani miaka 30, hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951 kule Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Maelfu ya waamini walihamishwa kwa nguvu mbali na makwao. Kule walikopelekwa hawakuwa na chombo chochote, wala hakukuwa na mtu wa kuwanyoosha sauti. Waliimba kwa koo zilizochoka, na wimbo ukafika mpaka kwetu. Haukufika kwa sababu ya uzuri wake. Ulifika kwa sababu wenye kuuimba walikuwapo.

MNYORORO UNAANZIA MBALI ZAIDI

Liko jambo moja ambalo hatupendi kulisema, lakini tukilinyamazia tutakuwa tumeficha nusu ya kiwanja kama Anania. Plagini hizi zina wenyewe. Kuna mtu aliyekaa miaka akiandika hesabu zake, naye anaziuza. Katika studio nyingi za kwetu, wanaozitumia hawakuzinunua. Zimevunjwa kufuli na watu wa mbali, zikapitishwa katika ufunguo wa USB kutoka mkono hadi mkono. Halafu juu yake tunaimba kwamba Mungu ni mtakatifu.

Watu husema: sisi ni maskini, mwenye mali yuko Ulaya, hatasikia upungufu wowote. Tunajua umaskini, hatuhitaji kuelezwa. Lakini umaskini unaeleza kwa nini mtu ameiba, hauubariki wizi wenyewe. Kama mwenye mali kuwa mbali kungeondoa kosa, basi waliochukua mali ya nchi yetu huku wenyewe wakiwa mbali nao wangekuwa hawana kosa, nasi tusingekuwa na neno la kuwaambia.

Tena hatulazimiki. Zipo programu za bure zilizotolewa kwa hiari na waliozitengeneza. Audacity, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2000, ni ya bure, inarekodi, tena inaweza kukaribisha plagini. Reaper ni programu-mwenyeji kamili, na leseni yake ya bei ndogo imekuwa dola 60 kwa miaka mingi. Dola 60 ni nyingi kwa mtu mmoja wa Uvira, lakini si nyingi kwa kwaya nzima. Sisi ni watu wa nsinsani. Tumejenga makanisa kwa kushindana katika kutoa, akina mama na akina baba, vijana na wazee. Nsinsani ya Jumapili moja au mbili yaweza kuifanya studio ya kwaya kuwa safi mbele za Mungu.

Mnyororo wa sauti, basi, hauanzii kwa mgeni wa kwanza ndani ya ordinatere. Unaanzia pale chombo kilipopatikana, na unaishia pale msikilizaji anapoamini alichoambiwa. Pete moja ikiwa mbovu, mnyororo wote umelegea.

MASHAURI KWA KWAYA ZETU

Upendo, amri na kazi ndiyo misingi tuliyopewa. Kwa misingi hiyo tunashauri hivi:

1. Upendo. Asiachwe nje mwimbaji wa kwaya kwa sababu mashine inaweza kumtengeneza. Anayeandikwa jina awe ameimba, na aliyeimba aandikwe.

2. Amri. Programu itumiwayo kwa nyimbo za kanisa iwe ya bure kwa haki au imenunuliwa. Kiongozi wa kwaya aulize kabla ya kulipa studio.

3. Kazi. Mazoezi yatangulie. Kile ambacho kwaya ingeweza kunyoosha kwa majuma mawili ya mazoezi, isimwachie fundi akinyooshe kwa dakika mbili. Mashine ikifanya kazi yetu, kipawa chetu kinalala.

4. Ukweli. Kama sauti zimezidishwa kwa mashine, isemwe. Kama walioimba ni watatu, waandikwe watatu. Watatu wanaomsifu Bwana hawana aibu yoyote, kwani Yeye aliahidi kuwapo hata kati ya wawili au watatu.

5. Kujipima. Kabla wimbo haujatolewa, viongozi wa kwaya wakae na fundi, wamwombe azime wageni wote kwa kile kitufe tulichokitaja, wausikilize wimbo wao mtupu. Wasipime kama ni mzuri kama ule uliopambwa, kwa maana hautakuwa. Wajiulize tu: je, hawa ndio sisi? Je, maneno yanasikika kuwa yametoka moyoni? Kama jibu ni ndiyo, basi wawashe mnyororo wao bila hofu, kwa kuwa unasaidia kitu kilichopo. Kama jibu ni hapana, warudi mazoezini.

Sisi huvua viatu tunapoingia mahali patakatifu, si kwa sababu viatu ni vibaya. Tumetembea navyo njia nzima, vimetulinda na mawe na matope. Lakini mbele za Mungu tunasimama kwa miguu yetu wenyewe, yenye nyufa na vumbi, kwa kuwa hiyo ndiyo aliyotuumbia. Wimbo wetu nao uvae viatu unapotembea kwenda Bujumbura na Kinshasa, kwa maana njia ni ndefu. Ila uwe ni wimbo unaoweza kuvivua.

Bwana azibariki kwaya zote, awape mafundi wetu vijana hekima na mikono safi, na amkumbuke kila mwimbaji aliyekaa kwenye benchi.

Amina.

Shemasi, Uvira